Kabla ya Kushika Kisu: Kumsoma Mnyama Mgonjwa na Chakula Kisicho Salama, Malindi na Vijiji vyake

Simu zinazoniamsha alfajiri hufanana. "Mwanangu, njoo mbio. Ng'ombe kalala tangu usiku, haamki. Vijana wanataka kumchinja kabla hajawa nyamafu." Leo ni mama wa Ganda, kesho ni mzee wa Kakoneni, keshokutwa ni kijana wa upande wa Marereni aliyeachiwa mbuzi wa babu yake. Haraka yao naielewa. Ng'ombe mmoja ni karo ya shule, ni mahari, ni akiba ya siku ya msiba. Akifa bila kuchinjwa, hasara ni tupu. Kisu kikimuwahi, angalau kuna nyama ya kuuza.

Kazi yangu ni kuhudumia mifugo vijijini, na mambo mabaya niliyoyaona, mengi yalianza na kisu hicho cha haraka. Kuchinja kunatimiza sharti la dini. Hakuui kimeta (anthrax), wala hakuondoi sumu au dawa iliyodungwa juzi. Masheikh niliowauliza wamenijibu kwa namna moja: kinachomdhuru mlaji hakihalalishwi na kisu. Basi ukimwona mnyama yuko taabani, weka kisu ndani kwanza, kisha soma dalili.

Nimezipanga kama unavyozikuta zizini na jikoni. Lakini kabla ya dalili yoyote, jiulize maswali manne. Wagonjwa ni wangapi, na kati ya wangapi? Ugonjwa umekwenda upesi gani, saa au wiki? Mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini, na mto ulifurika? Je, kuna mnyama mgeni aliyeingia zizini mwezi huu, kutoka mnadani au kwa shemeji? Majibu ya hayo manne mara nyingi hunipa nusu ya kazi nikiwa bado niko kwenye simu.

Amekufa ghafla, na jana alikula vizuri

Hapa ndipo pa kuogopa kuliko pote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usimguse. Simama hatua chache, upande upepo unakotoka, umtazame. Angalia puani, mdomoni na nyuma. Je, kuna damu inayochuruzika, nyeusi kama lami, isiyoganda? Tazama miguu: mzoga wa kawaida hukakamaa baada ya saa chache, wa kimeta mara nyingi hubaki mlegevu, na tumbo hufura upesi mno. Ukiona hayo, au hata moja tu kati ya hayo, mhesabu kuwa ni kimeta mpaka maabara iseme vingine.

Usimpasue. Hili ndilo neno kubwa la ukurasa huu. Vijidudu vya kimeta vikiwa ndani ya mzoga uliofungika hufa vyenyewe nyama inapooza. Vikipata hewa, hujifunga ganda gumu na kuingia udongoni, na humo hudumu miaka mingi, makumi ya miaka. Boma moja likimpasua ng'ombe mmoja, malisho yale yameharibika mpaka wakati wa wajukuu. Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda kurudi pale pale, hasa ukame unapoifanya nyasi fupi hata ng'ombe wakawa wanang'oa na udongo, au mvua ya kwanza inapoufukua udongo wa zamani.

Kwa mtu, kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kisha hugeuka kidonda chenye kigaga cheusi katikati, na cha ajabu ni kwamba hakiumi sana. Hutokea mkononi, usoni, au shingoni kwa aliyebeba paja begani. Ukikiona, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba ulishika mzoga. Dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi. Aliyekula nyama yake asingoje tumbo limuume. Tena usidanganywe na moto: supu kuchemka saa nzima hakukuhakikishii kwamba maganda yale yamekufa, na kabla nyama haijafika sufuriani mikono na visu vimeshachafuka.

Si kila kifo cha ghafla ni kimeta. Kuna vingine vinavyofanana nacho:

Ndama au mtamba mnono, wa kati ya miezi sita na miaka miwili, alikuwa akichechemea jana na paja limevimba. Ukibonyeza uvimbe (wakati bado yu hai) unasikia kitu kinalia chini ya vidole kama karatasi kavu. Hicho ni chambavu. Chanjo yake kwa kawaida huchanganywa na ya kimeta na hutolewa mara moja kwa mwaka.

Ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma, na jana waliingia kwenye majani mabichi yenye umande, kunde au matembele. Hiyo ni gesi. Akiwa bado hai, msimamishe sehemu za mbele zikiwa juu, mnyweshe mafuta ya kupikia, na utafute msaada haraka.

Ametetemeka, ametoa mate na machozi, amejikojolea, na jana walinyunyiziwa dawa ya kupe au wamekunywa kwenye ndoo ya dawa ya shambani. Hiyo ni sumu ya dawa, na nyama hiyo si ya kuliwa.

Halafu kuna muhogo. Sisi watu wa huku tunapanda muhogo kila mahali, na mbuzi anajua njia ya shamba kuliko mwenye shamba. Majani ya muhogo mchungu, hasa yaliyokatwa yakanyauka kidogo, au maganda mabichi, yana sumu ya sayanidi. Mnyama hufa ndani ya dakika au saa chache, anahema kwa nguvu, na damu yake huwa nyekundu ya kung'aa, tofauti kabisa na ile nyeusi ya kimeta. Mtama mchanga unaochipua baada ya ukame nao ni hivyo hivyo.

Niliwahi kuitwa kwenye boma moja la kando ya mto Sabaki. Ng'ombe amekufa, ngozi imeshaanza kuchunwa shingoni, watoto wamekaa na masufuria. Nilisimamisha kila kitu. Afisa alikuja akachukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, mzoga ukafukiwa. Majibu yaliporudi, kimeta hakikuwepo. Tulipofuata nyayo tulikuta shamba la muhogo lililolimwa siku mbili nyuma na majani yamelundikwa kando ya njia. Mzee mwenye boma alinilaumu kwa nyama iliyokwenda ardhini. Nilimwambia, na namwambia tena: mzee wangu, hata kesho ningefanya vilevile. Kwa macho tu pale zizini sikuwa na njia ya kuapa, na nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu nayo si chakula.

Kufukia maana yake ni shimo la futi sita au zaidi, mbali na kisima na mkondo wa maji, chokaa juu ya mzoga, udongo, kisha miiba ili mbwa na fisi wasifukue. Udongo uliolowa damu nao uingie shimoni. Mzoga usiburutwe.

Mimba zinatoka

Mbuzi mmoja ametupa mimba: huenda amepigwa pembe, huenda ni njaa. Wawili watatu kwa muda mrefu: kuna ugonjwa unakaa zizini. Nusu ya zizi ndani ya wiki mbili, na watoto waliozaliwa wanakufa siku moja au mbili baada ya kuzaliwa: hiyo ni homa ya Bonde la Ufa mpaka ithibitishwe vingine.

Kilele chake huja baada ya mafuriko, na sababu yake ni ya kushangaza. Kuna aina ya mbu wanaotaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayokauka, na mayai yanaweza kuwa tayari na virusi kutoka kwa mama yao. Hukaa pale mwaka baada ya mwaka yakingoja. Mvua isiyo ya kawaida inapojaza bonde, yote yanaanguliwa kwa mpigo. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa Kenya, kwenye kondoo karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ulilipuka vibaya mwaka 1997 na 1998 wakati wa El Nino, ukalipuka tena mwishoni mwa 2006. Hadi Machi 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini, na Pwani haikusalimika. Wanyama wetu wengi hupita Garsen na delta ya Tana kabla ya kufika kwetu. Basi redio ikitangaza mafuriko huko, mimi huanza kuuliza habari za mimba huku.

Mbu huuma mifugo, na huuma watu pia. Lakini wengi wa wanaougua sana ni wale walioshika: aliyemchinja mnyama mgonjwa, aliyemchuna, aliyemvuta mtoto mfu kwa mikono mitupu. Damu na maji ya mimba vimejaa virusi. Mtu hupata homa, kichwa, maungo kuuma, wengi hupona. Wachache huona giza machoni, huchanganyikiwa, au hutokwa damu, na wengi wa tunaowazika ni hao wanaotokwa damu.

Kwa hiyo mimba ikitoka, usiiguse bila glavu. Huna glavu? Vaa mifuko miwili ya plastiki mikononi, funika pua na mdomo, fukia kila kitu pamoja na kondo la nyuma, nawa kwa sabuni. Kina mama wajawazito wasikaribie kabisa. Usichinje mnyama yeyote wa zizi hilo. Maziwa yachemshwe bila udhuru. Na hapa kuna kosa ambalo hata wenye nia njema hulifanya: kukimbilia kuchanja wakati ugonjwa umeshaingia. Sindano ile ile ikitoka kwa mgonjwa ikaingia kwa mzima, umeusambaza wewe. Chanjo ni ya kabla ya mvua, na nyingine humfanya mwenye mimba aitupe, kwa hiyo mwachie daktari wa mifugo achague.

Sasa zile mbili tatu za muda mrefu. Ng'ombe anatupa mimba ya mwezi wa tano na kuendelea, kondo linakwama, mwaka unaofuata anazaa kama kawaida ukafikiri yamekwisha, kumbe mtamba wa pembeni naye anatupa. Dume ana korodani iliyovimba. Magoti ya mmoja yana uvimbe wa maji. Hapo shuku brusela. Huyo anayezaa vizuri mwaka wa pili bado anautoa ugonjwa kwenye maziwa yake.

Na maziwa hayo humfikia mtu aliye nyumbani akitetemeka. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku linalolowesha shuka, kiuno na magoti vinauma, na kipimo cha malaria hakioni kitu. Nimekutana na watu waliokunywa dawa za malaria na za taifodi kwa zamu miezi mingi, na hakuna aliyewauliza kama wanakunywa maziwa mabichi. Mwambie daktari, "Nafuga, na tunakunywa maziwa bila kuchemsha." Sentensi hiyo moja itabadilisha kipimo atakachoandika. Matibabu huchukua wiki kama sita, na ukiacha njiani homa hurudi.

Anatoa mate

Wengi wanatoa mate na wengi wanachechemea, ulimi una malengelenge, kwato zina vidonda: ugonjwa wa miguu na midomo. Hauui wakubwa sana, lakini maziwa hukauka na minada hufungwa. Kwa mtu si tishio. Fungia zizi lako, usiende kuazima dume.

Mbuzi wana vidonda mdomoni, makamasi mazito yanaziba pua, macho yana tongo, na wanaharisha kwa harufu kali. Hawachechemei. Ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2006 kule Turkana na sasa huzunguka. Haimpati mtu. Chanjo ni nzuri, na mbuzi aliyechanjwa hulindwa kwa miaka.

Mmoja peke yake anatoa mate, sauti imebadilika, analia kama anaita, anameza kwa shida kana kwamba ana mfupa kooni. Tafadhali, mkono wako usiingie mdomoni mwake. Wafugaji wetu hodari kabisa hufanya hivyo, wanakunja mkono wa shati na kutafuta mfupa ambao haupo. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Uliza kama kuna mbwa mgeni aliyepita wiki au miezi iliyopita. Punda naye hupatwa, na huwa mkali wa kutisha. Mnyama huyo hachinjwi, maziwa yake hayanywewi, na aliyeguswa na mate penye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende kwa sindano siku hiyo. Dalili zikishamtokea mtu, hospitali hawana la kufanya isipokuwa kumliwaza.

Maziwa yamekatika, au mtindi haugandi

Mama muuza maziwa anaweka sufuria jikoni, maziwa yanakatika mabonge kabla ya kuchemka. Wa kwanza kulaumiwa ni aliyemletea. Pengine ndiye, pengine siye, fuata hatua.

Anza na chombo. Mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, mdomo mwembamba usiopitisha mkono, una utando ndani ambao maji ya moto hayaufikii. Unuse ukiwa mkavu. Ukinuka chochote, sababu ndiyo hiyo. Mtungi wa alumini wenye mdomo mpana ni ghali, lakini unasugulika mpaka chini, na hujilipa.

Kisha hesabu saa. Kwa joto letu la Malindi vijidudu vinaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Maziwa ya alfajiri kutoka bara yakisubiri bodaboda, bodaboda isubiri abiria, halafu yachanganywe na ya jana jioni, yamekwisha kuchachuka kabla hayajafika sokoni. Ya jana na ya leo yasikutane. Kitambaa kilicholoweshwa juu ya mtungi na kivuli cha mwembe hupunguza joto zaidi ya watu wanavyodhani.

Chombo safi, saa fupi, na bado yanakatika? Rudi kwa ng'ombe. Kabla ya kukamua, toa michirizi mitatu ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi. Kipande cha buibui kuukuu kinafaa kuliko chochote. Maziwa mazima hutanda sawasawa na kupotea. Yenye ugonjwa wa kiwele huacha punje kama za wali uliovurugika, au uzi, au maji ya rangi ya majani makavu. Bonyeza kiwele: robo iliyo ngumu na ya moto ndiyo mgonjwa. Robo hiyo ikamuliwe mwisho, na maziwa yake yamwagwe shimoni, asipewe mtoto wala paka. Baadhi ya vijidudu vya kiwele huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ng'ombe aliyezaa siku chache nyuma naye maziwa yake hukatika. Hayo ni ya ndama wake.

Maji yaliyoongezwa hupimwa kwa laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha uzito wake. Ikisoma chini ya 1.026, shuku. Uchungu na harufu ni jambo la lishe, na mara nyingi nikifuatilia nakuta mkilifi (mwarobaini) ulioangushwa kwa ajili ya kuni na ng'ombe wamekula majani yake.

Mtindi usioganda nataka nisimame hapo, kwa sababu watu hawaichukulii kama dalili ya hatari. Umechemsha, umeacha yawe vuguvugu, umetia kianzio kizuri, asubuhi unakuta maziwa yale yale. Jaribu hivi: kianzio kile kile, chombo kile kile, maziwa ya ng'ombe mwingine. Yakiganda hayo, maziwa ya kwanza yana shaka kubwa ya dawa. Antibiotiki aliyodungwa ng'ombe inaua vijidudu vinavyogandisha mtindi, na dawa hiyo hiyo imeingia kwa mtoto anayekunywa kikombe kila asubuhi. Haifi kwa kuchemsha. Kidogo kidogo kila siku huwafundisha vijidudu vya mwilini kuizoea dawa, mpaka siku mtoto akiugua kweli isimsaidie. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe kimoja.

Kila chupa ya dawa ya mifugo ina siku za kungoja, za maziwa mbali na za nyama mbali. Oksitetra, antibiotiki ya sindano, ile ya kukaa muda mrefu mwilini, mara nyingi huandikwa wiki tatu hadi nne kwa nyama. Wafugaji wengi hununua bomba la sindano moja lililovutwa tayari dukani, bila chupa wala karatasi yake. Ipige picha chupa kwa simu kabla hujaondoka. Mfunge ng'ombe kitambaa chekundu mkiani mpaka siku ziishe, ili hata mkamuaji wa kibarua ajue. Na ndiyo sababu nyingine ya kisu kungoja: ng'ombe anayechinjwa kwa haraka karibu kila mara ameshadungwa kitu jana.

Mahindi na chakula cha mifugo

Bata wanakufa, vifaranga wamedumaa, mbwa wa nyumbani ana macho ya manjano na hataki kula. Wote hao hula makombo ya ghala lako. Fungua gunia. Harufu ya ukungu, vumbi la kijani au la manjano, punje zinazoshikana: shuku sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotokana na ukungu. Punje zinazoonekana safi nazo huweza kuwa nayo. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi Ukambani. Kisheria sumu hiyo kwenye mahindi isizidi sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Hewa yetu ya bahari ni ya unyevu mwaka mzima, na mahindi yanatakiwa yakauke mpaka asilimia 13.5 au chini. Kipimo cha jikoni ni chumvi. Ikaushe chumvi juani au kwenye sufuria mpaka imwagike kama mchanga wa ufuo wa Silversands. Tia konzi ya mahindi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi vijiko viwili, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudi kwenye turubai, yasilale juu ya ardhi tupu. Isiposhika, yako karibu na pa kuhifadhiwa, na mifuko ya kuzuia hewa sasa itakufaa.

Naomba yaliyooza yasiende kwa ng'ombe. Watu huona ni busara ya kutotupa. Sumu ile hutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuigusi. Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha, maziwa husafika ndani ya siku chache.

Kuku

Shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, wamekufa kumi ndani ya siku tatu: kideri. Haina tiba, chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila miezi mitatu, na jirani mchanje siku moja. Vifaranga wanaoharisha damu ni koksidia (vimelea vya utumbo), tazama matandiko yaliyolowa. Vinundu kwenye kishungi ni ndui. Kuku aliyekufa mwenyewe fukia. Kuku wengi wakifa ghafla pamoja na ndege wa mwituni au bata wa majini, usichune hata mmoja, piga simu.

Umechinja mzima, lakini ndani kuna kitu

Mapafu yana vinundu vya manjano kama jibini iliyokauka: huenda ni kifua kikuu, kisu kioshwe, mkaguzi aitwe. Ini lina mirija minene na ndani yake vidudu bapa kama jani: minyoo ya ini, hutoka kwenye malisho ya kinamasi. Ini au mapafu yana mifuko ya maji: usimtupie mbwa, maana mbwa ndiye anayekamilisha mzunguko na kuyarudisha mayai kwa watoto wanaocheza naye. Punje nyeupe ndani ya nyama ya moyo na ulimi ni mtoto wa tegu. Nyama bila muhuri wa mkaguzi siinunui, hata muuzaji awe mtoto wa mjomba wangu.

Kutoa habari

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa ya magonjwa makubwa, na wengi hujizuia wakiogopa karantini. Naelewa. Karantini inaumiza. Lakini chanjo, maabara na mikutano ya tahadhari hupelekwa kule ambako ripoti zimetoka, na kijiji kinachokaa kimya kinaonekana kizima kwenye ramani ya kaunti. Maafisa siku hizi hutuma ripoti kwa simu kupitia KABS, mfumo wa taifa wa kufuatilia magonjwa ya wanyama, na habari yako ikifika asubuhi inaweza kusomwa Nairobi mchana huo huo.

Mwandikie afisa mifugo wa wadi, au mpe chifu aitume. Ujumbe mzuri ni kama huu alionitumia binti wa Goshi, kidato cha pili, kwa simu ya mama yake:

"Shikamoo mjomba. Mbuzi 4 kati ya 22 wametupa mimba tangu Jumamosi, na watoto 3 wamekufa. Kondoo hatuna. Mvua kubwa ilikuwa wiki tatu nyuma, bonde la nyuma lina maji na mbu wengi. Hakuna mbuzi mgeni. Hatujachinja. Mama amefukia kwa mifuko mikononi. Kaka yangu aliyewashika wawili wa kwanza ana homa tangu jana, tunampeleka hospitali sasa. Picha naituma."

Nilimpigia afisa kabla sijavaa viatu.